Lami Ikilowa: Tairi, Breki na Moyo wa Dereva

Masika ikianza kugonga Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, vijiwe vya bodaboda hugawanyika. Yupo dereva anayeshusha miguu yote miwili, akaisogeza pikipiki polepole pembeni mwa barabara, mabega yamekaza, macho yameganda kwenye tairi la mbele. Yupo na mwingine anayefunga zipu ya koti la mvua hadi kidevuni, akaendelea kukata mitaa vilevile alivyokuwa akiikata jua linawaka. Wa kwanza haliamini tairi lake hata kidogo. Wa pili analiamini kupita kiasi. Wakiulizwa wote wawili tairi la nyuma lina upepo kiasi gani leo, huenda asipatikane wa kujibu kwa namba.

Woga wa kwenye mvua na ubishi wa kwenye mvua vinachipuka mahali pamoja: dereva hajui tairi lake linaweza nini. Na kujua kwenyewe hakuhitaji shule kubwa.

Boxer ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 hivi. Akipanda dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70, jumla inafika 260, na zaidi ya nusu ya mzigo huo, karibu kilo 160, inabebwa na gurudumu la nyuma. Tairi likiwa na upepo wa psi 32, sehemu ya mpira inayogusa lami kwa wakati mmoja ni kama sentimita 7 kwa 10. Ya mbele ni ndogo kuliko hiyo. Kuondoka, kusimama, kukata kona, kuikwepa daladala iliyochomekea ghafla, yote yanafanywa na vipande hivyo viwili vya mpira.

Kwenye lami kavu na nzuri, mpira hushika kwa nguvu inayokaribia asilimia 80 ya uzito ulioukalia. Lami hiyohiyo ikilowa, ikiwa safi, nguvu hiyo hushuka hadi asilimia 50 au 60. Upungufu ni mkubwa, ila bado pana kitu cha kutosha kuendeshea. Dereva anayening'iniza miguu kwenye lami safi iliyolowa anajinyima bure: hawezi kukanyaga breki ya nyuma, hawezi kubana tangi kwa magoti, na mguu ukikwama kwenye tuta unavunjika. Kinachoharibu barabara ni vitu vinavyochanganyika na maji. Oili, dizeli, tope, rangi nyeupe ya kivuko, chuma. Juu ya hivyo mshiko unaweza kushuka hadi asilimia 30 na chini ya hapo, na hapo ndipo watu wanapolala chini.

Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua kubwa. Wiki kadhaa za jua huacha juu ya lami tabaka la vumbi, oili iliyovuja kwenye injini chakavu, dizeli iliyomwagika na unga wa mpira wa matairi. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuosha, yanakoroga tu. Barabara ya Mandela, inayobeba malori kutoka bandarini kuelekea Ubungo, ni ya kuogopwa zaidi kwenye manyunyu ya namna hiyo kuliko baada ya mvua kumwagika nusu saa na kuisukumia taka yote mitaroni. Dereva mwenye hesabu zake huzitumia dakika 15 au 20 za kwanza kunywa chai kijiweni. Kama abiria amekwishapanda na haraka zake, basi apunguze mwendo sasa kuliko atakavyopunguza baadaye, na akikaribia mataa aepuke katikati ya njia, mahali magari yanaposimama na kudondosha oili. Mkondo unaopitiwa na matairi ya magari, kushoto au kulia kwa katikati, ndio uliosafishika zaidi. Zikionekana rangi za upinde wa mvua juu ya maji, hiyo ni dizeli au oili. Hapo hakuna kugusa breki wala kulaza pikipiki. Ni kupita wima, resi imetulia.

Kuna hofu nyingine inayosemwa sana vijiweni na ambayo kwa mjini ina uzito mdogo: tairi kuelea juu ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa kanuni rahisi kwa ajili ya matairi ya ndege. Inaonyesha kwamba, kwenye maji mengi, mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni hiyo tairi la psi 28 lingeanza kuelea karibu kilomita 88 kwa saa. La pikipiki, kwa kuwa ni jembamba na la mviringo, hupasua maji vizuri kuliko la gari. Anayetembea 40 kwa saa mitaa ya Sinza haelei. Lakini upepo ukishuka hadi psi 15, mwendo huo wa kuelea nao unashuka hadi kilomita 64 hivi, na kwa anayetoka Chalinze kwenda Segera huo ni mwendo wa kawaida kabisa.

Dukani ndiko makosa mengi yanakoanzia. Madereva wengi wakifika huuliza kitu kimoja: tairi lipi halishi haraka? Muuzaji naye anashusha tairi gumu, zito, lenye maandishi 6PR na kashata nene, yaani vile vipande vya mpira vinavyochomoza usoni mwa tairi. Alama hiyo ya 6PR inaeleza uimara wa tairi katika kubeba mzigo; haisemi lolote kuhusu mvua. Mpira mgumu unaodumu kilomita nyingi mara nyingi ndio unaoshika lami iliyolowa kwa shida, kwa sababu haukubali kubonyea na kuingia kwenye vijishimo vidogo vya kokoto. Kashata kubwa zilizoachana, zile za kupandia milima yenye tope, nazo zinapunguza mpira unaogusa barabara. Dereva wa Kinondoni anayefunga tairi la matope kwa sababu linaipa pikipiki sura anajitafutia shida. Wa Lushoto, anayepanda na kushuka udongo mwekundu kila siku, ana sababu zake. Anayepita pote pawili atafute la mbele lenye mifereji mirefu ya kutolea maji na la nyuma lenye kashata za wastani zilizokaribiana, na asibadili saizi iliyoandikwa na kiwanda, iwe 2.75-17, 3.00-17 au nyingineyo, kwa sababu tu iliyopo dukani ni pana zaidi.

Ubavuni, ndani ya umbo la yai, matairi mengi yana tarakimu 4. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata bila kutembea, na jua huharakisha. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka miaka kadhaa ni jipya kwa macho tu. Mnunuzi aangalie pia mshale wa mwelekeo: fundi mwenye haraka huweza kulifunga kinyume, na mifereji iliyokusudiwa kutupa maji nje ikawa inayaingiza ndani.

Mazungumzo kati ya dereva na fundi pancha kuhusu tairi lililochoka yanajulikana.

"Fundi, hili si bado linasukuma mwezi?"

"Kwa jua lingesukuma. Kwa mvua hii, mdogo wangu, litakuaibisha."

Fundi yuko sahihi, na ushahidi wake unaweza kupimwa bila kifaa chochote. Njiti ya kiberiti ina unene wa milimita 2 hivi. Ikilazwa ndani ya mfereji wa katikati ya tairi la nyuma na mgongo wake ukachomoza juu ya mpira, tairi hilo halifai tena kwa masika. Matairi mengi yana vinundu vidogo ndani ya mifereji, vinavyoonyeshwa na herufi TWI ubavuni. Kwenye pikipiki vinundu hivyo mara nyingi hulingana na mpira pale mfereji unapobaki na milimita 0.8. Hapo ni kipara, hata kwa kiangazi. Uingereza sheria inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki zinazozidi cc 50, Ujerumani 1.6. Dereva anayeishi kwa kubeba watu kwenye mvua za Aprili hana sababu ya kusubiri afike huko chini. Na wale wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililoisha wanauza sura: kila wanapochonga wanakaribia nyuzi za ndani, na tairi la namna hiyo hupasuka bila taarifa.

Umbo nalo lina habari. Tairi la nyuma linalotembea lami iliyonyooka kutwa nzima huliwa katikati hadi likawa bapa, huku pembeni kashata zimebaki nzima. Dereva akitazama pembeni anaridhika. Kwenye kona tairi hilo hukataa kulala, halafu linapovuka ukingo wa ule ubapa linalala kwa mkupuo. Kwenye lami kavu ni mshtuko mdogo. Kwenye lami iliyolowa ndipo abiria anapouliza, "Vipi tena, dereva?"

Kisha upepo. Vijiweni unajazwa kwa kubonyeza kidole gumba na kusema basi. Kwa Boxer nyingi kitabu hutaja psi 25 mbele, 28 nyuma dereva akiwa peke yake na 32 akiwa na abiria. Pikipiki nyingine zina namba zao, kwa kawaida kwenye kibandiko karibu na mnyororo au ndani ya kitabu chake. Wapo wanaojaza hadi 45 wakiamini pikipiki itakula mafuta kidogo. Mafuta huenda yakapungua kidogo, lakini eneo la mpira linalogusa lami linapungua nalo, na gurudumu linaanza kurukaruka juu ya viraka vya lami. Wapo na wanaotoa upepo mvua ikianza, wakidhani tairi laini litashika zaidi. Kwenye tope kupunguza kidogo kunasaidia. Kwenye lami kunapunguza uwezo wa kupasua maji, na tairi la tyubu likilegea sana huzunguka ndani ya rimu likang'oa valvu. Kipimo ni cha asubuhi, tairi likiwa la baridi, angalau mara moja kwa wiki. Kijiwe kizima kinaweza kuchanga kununua geji moja, na hakuna mchango wa kijiweni wenye faida kuliko huo.

Sehemu za kuoshea pikipiki zina hatari yake isiyotajwa. Baadhi ya vijana hupulizia dizeli iliyochanganywa na oili ili chuma na plastiki ving'ae, na mwisho hupaka matairi dawa ya kung'arisha. Ubavuni haidhuru. Ikifika kwenye kashata au kwenye sahani ya breki, mteja amelipia kuanguka. Tairi jipya lenyewe linatoka kiwandani na ngozi laini juu yake. Kilomita 100 hadi 150 za mwanzo ziwe za upole, bila kulaza sana na bila breki kali, mpaka ngozi hiyo ikwanguke. Anayefunga matairi mapya asubuhi ya mvua na kuingia barabarani akijiona salama zaidi kuliko jana anajidanganya kwa siku moja au mbili.

Sasa breki, maana hapo ndipo imani potofu imekomaa. Sentensi inayorithishwa kutoka dereva hadi dereva ni kwamba breki ya mbele inarusha. Wapo wanaoilegeza kabisa wakabaki na ya mguu tu. Mwendo ukiwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inayofunga breki zote mbili kwa ustadi inaweza kusimama ndani ya mita 12 hivi kwenye lami kavu. Ikilowa, ni mita 20. Kwenye tope jembamba au dizeli, 33. Kabla ya hapo kuna sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 14. Anayetumia breki ya nyuma tu kwenye lami iliyolowa anahitaji karibu mara mbili ya zile mita 20, kwa sababu pikipiki ikianza kupunguza mwendo uzito unakimbilia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, linafunga na kuanza kuserereka kando.

Breki ya mbele inamwangusha yule anayeikamata kwa mshtuko. Kishikio kikivutwa ghafla, gurudumu linafunga kabla uzito haujafika mbele, na tairi lisilo na uzito halina cha kushikia. Akianza kwa kuondoa ulegevu wa kishikio, akasubiri nukta moja pikipiki iiname kidogo kwenye shokapu za mbele, ndipo akakamua zaidi na zaidi, tairi lilelile linashika. Ikitokea limefunga, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Dawa yake ni kuachia papo hapo na kukamua upya. La nyuma likifunga, anaachia taratibu huku akiangalia mbele, asikate kona. Pikipiki za kisasa zina mfumo wa ABS unaofanya kazi hiyo kwa niaba ya dereva. Ulaya iliulazimisha kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, na India, zinakotoka pikipiki nyingi za bodaboda, ikafanya hivyo kikamilifu Aprili 2019. Zinazobeba abiria mitaani kwetu kwa sehemu kubwa hazina. Vidole vya dereva ndivyo ABS yake.

Zile mita za kusimama zina neno jingine kwa dereva. Akishusha mwendo kutoka 50 hadi 35, jumla ya mshtuko na kusimama kwenye lami iliyolowa inakuwa kama mita 19. Hiyo ni pungufu ya mita 26 anazohitaji kwenye lami kavu akiwa kwenye 50. Yaani kilomita 15 tu za mwendo zinalipa deni lote la mvua na chenji inabaki. Kutoka Mwenge hadi Posta, penye foleni na mataa, tofauti ya muda kati ya miendo hiyo miwili ni ndogo kiasi kwamba abiria hawezi kuilalamikia kwa haki.

Kwenye kona hesabu inauma zaidi, kwa sababu mahitaji ya mshiko hupanda kwa mraba wa mwendo. Kona ya kawaida ya kuingilia mtaani, yenye nusu kipenyo cha mita 15, ikikatwa kwa kilomita 30 inadai mshiko wa karibu asilimia 47 ya uzito. Lami iliyolowa inayo 50. Hapo karibu hajabakiwa na kitu, na kokoto moja inatosha. Akiikata kwa 20, dai linashuka hadi asilimia 21, na sasa ana nafasi ya kukosea. Mshiko ni kama pesa ya siku: aliyeitumia yote kwenye kona hana ya kununulia breki. Kwa hiyo mwendo upunguzwe pikipiki ikiwa bado wima, gia ishushwe mapema, klachi iachiwe polepole ili tairi la nyuma lisivutwe na injini ghafla, kisha kona ipitwe kwa resi ndogo isiyobadilika. Kuteremka mlima gia ikiwa frii ili kuokoa mafuta ni kuitupa breki ya injini, ambayo kwenye mvua ndiyo ya upole kuliko zote.

Sehemu za kukariri ni zilezile kila mji. Mistari ya pundamilia. Mifuniko ya chuma. Maungio ya madaraja. Reli, ambazo hukatwa kwa pembe iliyo karibu na msalaba, kamwe si kwa mshazari, kwa sababu tairi jembamba huingia kwenye ufa likageuza usukani. Mombasa ina vichochoro vya matofali ya kabro ambayo, penye kivuli, huota ukungu wa kijani; yakilowa yanateleza kuliko lami yoyote. Zanzibar, penye Vespa nyingi, kuna tatizo la ziada la magurudumu ya inchi 10. Gurudumu dogo huzama zaidi kwenye shimo ambalo la inchi 17 lingelivuka, na shimo lililojaa maji halionyeshi kina. Mwenye Vespa akifuata gari lililo mbele kwa umbali mzuri anaweza kusoma mashimo kwa jinsi gari hilo linavyodunda.

Ustadi peke yake una mwisho wake, na mfano mzuri ulionekana Assen, Uholanzi, Juni 2016. Mvua ilikuwa kubwa hivi kwamba mbio za pikipiki za MotoGP zilisimamishwa na kuanzishwa upya. Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara 9, alikuwa akiongoza, ana matairi ya Michelin yaliyotengenezwa makusudi kwa mvua, na bado akaanguka. Aliyeshinda ni Jack Miller, ambaye hakuwa amewahi kushinda mbio za daraja hilo. Kama mikono ya Rossi, yenye matairi ya namna ile, iliweza kuvuka mpaka siku ile, dereva mwenye 3.00-17 iliyokaa miaka mitatu na tandarua la mzigo nyuma hana cha kujivunia akisema yeye hajawahi kuanguka.

Lakini woga nao unaangusha, na kwa njia inayoonekana. Mwoga hukaza mikono. Mikono iliyokaza huzuia usukani kufanya marekebisho madogo ambayo pikipiki hujifanyia yenyewe kila inapopita kwenye kiraka kinachoteleza. Pikipiki ikitikisika kidogo chini yake, anadhani imekwenda, anakamata breki, na sasa imekwenda kweli. Mtikisiko mdogo kwenye mvua ni jambo la kawaida. Magoti yabane tangi, viwiko vilegee, vidole viwili vikae juu ya breki bila kuivuta, macho yatazame mita 30 au 40 mbele na si chini ya tairi. Pumzi nayo: dereva anayezuia pumzi hukaza mabega bila kujua.

Imani ya dereva kwa tairi lake haijengwi barabarani penye malori. Inajengwa uwanjani, asubuhi ya Jumapili baada ya mvua, penye lami au sakafu tambarare isiyo na magari. Aanze na mwendo wa 20, asimame kwa breki zote mbili, arudie akiongeza mkamuo kidogo kidogo mpaka asikie tairi la nyuma likianza kulia au kuteleza. Aache. Afanye hivyo na la mbele, kwa tahadhari zaidi, pikipiki ikiwa wima kabisa, kofia imefungwa, bila abiria. Halafu 30. Baada ya saa moja ya kazi hiyo atakuwa ameugusa mpaka wake kwa mkono wake mwenyewe, na hilo hakuna awezaye kulipata kwa kusimuliwa. Madereva wengi hushangaa kugundua kwamba lami iliyolowa ina mshiko zaidi ya walivyodhani. Wachache hugundua kwamba breki yao ya mbele haifanyi kazi kabisa, na kwao saa hiyo imelipa zaidi.

Abiria na mzigo hubadilisha kila kitu kilichosemwa hapo juu. Gunia la mkaa au madumu ya maji yakifungwa nyuma ya kiti hulipandisha gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na tairi linalotakiwa kuongoza halina uzito. Mzigo usogezwe mbele iwezekanavyo na uwe chini. Mshikaki, ile ya abiria wawili au watatu, kwenye mvua haina hoja ya kuijadili. Abiria mwenye mwamvuli uliofunguliwa hugeuza upepo wa pembeni kuwa mkono unaovuta pikipiki, na dereva ana haki ya kusema, "Mama, samahani, tufunge mwamvuli, nitakwenda taratibu." Anayeketi upande kwa sababu ya kitenge aombwe ashike kishikio cha nyuma ya kiti badala ya koti la dereva, kwa kuwa koti lililovutwa huvuta na mkono wa resi.

Nje ya lami, tope lina sheria zake. Udongo mwekundu wa milimani huteleza juu, ila chini yake pana ugumu, na tairi la kashata linaweza kuufikia. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi, ni mwingine kabisa: unanata, unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Kule wengine huinua madigadi ya mbele au kuing'oa, na wapo wanaofunga mnyororo kwenye tairi la nyuma wakati wa masika. Mnyororo unasaidia kupanda, lakini ukifika kwenye lami ufunguliwe, maana chuma juu ya lami hakishiki na kinakata mpira. Kwenye tope gia ya pili yenye resi ndogo ni bora kuliko ya kwanza inayochimba shimo.

Maji yanayotembea ni habari ya kugeuza pikipiki na kurudi. Jangwani, mahali Barabara ya Morogoro inapovuka bonde la Msimbazi, polisi hulazimika kufunga njia mara kwa mara mto unapofurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Maji yaliyotuama ya kimo cha kifundo cha mguu yanapitika kwa gia ndogo na resi isiyokatika. Baada ya kutoka humo, breki za ngoma hujaa maji na kwa muda hazishiki kabisa. Dereva atembee mita kama 100 akizigusa kidogo kidogo ili zipate joto na kukauka, kabla hajafika penye watu.

Linabaki suala la nani anunue tairi, na hapa pikipiki nyingi hufungiwa kipara kwa sababu za mkataba. Anayepeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki kila jioni hutegemea tajiri anunue vifaa vikubwa. Tajiri naye hutegemea dereva aseme mapema. Anayeendesha kwa mkataba wa kuimiliki pikipiki mwishoni mara nyingi anabeba gharama zote mwenyewe, na hulisukuma tairi hadi nyuzi zionekane kwa sababu kila shilingi ya wiki imekwishapangiwa kazi. Jambo hilo lizungumzwe Februari, barabara zikiwa kavu, kwa njiti ya kiberiti mkononi na tairi lenyewe mbele ya wote wawili. Waandike kabisa kwenye karatasi ya mkataba ni kimo gani cha mfereji kinachomaanisha tairi jipya, na fedha yake itatoka hesabu ya wiki ipi. Matajiri kadhaa husamehe hesabu ya siku moja au mbili mwezi huo ili dereva anunue la mbele na la nyuma kwa pamoja. Dereva akiwa naye ameweka kidogo kila siku tangu Januari, mazungumzo hayo huisha haraka, na pikipiki inaingia Machi ikiwa na kashata.